Amefariki, mirathi tunaanzia wapi? Mwongozo kwa ndugu zangu wa Tanga

Karibu kila wiki huja mtu dukani kwangu kakumbatia bahasha ya kaki. Natoa kopi, napiga chapa, napiga picha za pasipoti. Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yetu huku Ngamiani, dirisha tumeligeuza kaunta. Mtu anamwaga karatasi zake juu ya kioo: cheti cha kifo, kadi ya benki, risiti za kodi ya ardhi za miaka na miaka zilizogandana kwa kutu ya pini. Kisha anauliza: "Dada, mirathi tunaanzia wapi?"

Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno, na foleni ikiwa ndefu nalijibu nusu nusu. Haya hapa majibu kamili. Mimi si wakili. Nilikuwa msimamizi wa mirathi ya baba yangu, mtoto wa tatu kati ya sita, na mengi niliyajua kwa kurudishwa: leo umekosa hiki, kesho kile. Ninayoyasema ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi na taratibu zao.

Watu hudhani mirathi hugombewa kwenye kugawa. Kwa ninayoyaona mezani pangu, ugomvi huwa umeshapandwa wiki mbili za mwanzo, pale kabati la marehemu lilipofunguliwa na mtu mmoja, peke yake, bila daftari.

Mahakama ipi?

Kama marehemu alikuwa Mwislamu, au aliishi kwa mila za kabila lake, mlango wenu ni Mahakama ya Mwanzo. Tena si yoyote: ni ile ya mahali alipokuwa na makazi ya kudumu mpaka anafariki. Aliyeishi Makorora akafia Muhimbili, mirathi yake ni ya Tanga, haifuati hospitali. Ana shamba la michungwa Muheza? Jalada ni moja tu, la alikoishi. Msimamizi akishateuliwa anasimamia na la Muheza.

Mkristo aliyeishi nje ya mila, jalada lake hufunguliwa Mahakama ya Wilaya ikiwa mirathi ni midogo, vinginevyo Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa hapa Tanga. Jina pekee halitoshi. Mahakama hutazama mtu aliishije. Huko hutumika Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, na muda wake ni mwingine: miezi sita kupeleka orodha ya mali, mwaka mmoja kupeleka hesabu. Mkichelewa kuomba zaidi ya miaka mitatu tangu kifo, mtatakiwa mueleze kwa nini.

Hapa nafuata njia ya Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu ndiyo wanayopita wengi wanaokuja kwangu. Mnaweza kwenda wenyewe bila wakili, na mambo yote ni kwa Kiswahili.

Vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Cheti cha kifo, chenyewe na nakala tano. Usimwachie mtu yeyote chenyewe.
- Kitambulisho cha NIDA cha atakayeomba usimamizi, na nakala za vitambulisho vya warithi watu wazima.
- Cheti cha ndoa cha mjane, au cha talaka kama waliachana. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto.
- Barua ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata kwamba marehemu aliishi hapo.
- Muhtasari wa kikao cha familia, wenye sahihi.
- Wosia, kama upo. Kama aliuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ulizieni huko.
- Karatasi za mali: hati, barua ya toleo, mkataba wa mauziano, kadi ya pikipiki, kitabu cha benki.
- Daftari moja gumu. Si karatasi za kuchana.

Kisha panga vyeti vyote mezani na usome majina, herufi kwa herufi. Hili nalikazia kwa sababu ndilo linalorudisha watu kuliko jingine lolote. Cheti cha kifo kinasema Ali, benki inasema Ally, mkataba wa kiwanja unasema Ali wa Jumaa, na NIDA imeandika Juma. Kwa ndugu ni mtu mmoja. Kwa karani ni watu wanne. Kama majina yanatofautiana, kaapeni mapema hati ya kiapo ya majina kwa wakili, ikitaja kila namna jina lilivyoandikwa na karatasi lilipoandikwa. Fanyeni sasa, kabla ya kufungua jalada. Nimeona mama mmoja akirudi mara tatu kwa sababu ya herufi moja, na kila safari ni nauli ya kutoka Pongwe.

Hatua ya 1: Andikeni

Baada ya maziko, watu wangali barazani, chagueni watatu: mmoja upande wa mjane, mmoja upande wa ndugu wa marehemu, mmoja mtu baki anayeheshimika mtaani. Hao wafungue kabati pamoja, na mmoja aandike. Mali, wadaiwa, wadai. Kila ukurasa ukiisha, sahihi tatu.

Sisi tulifanya siku ya tano. Ndani ya kasha la baba, chini ya kanzu zake za Idi, tulikuta karatasi ya sigara iliyoandikwa kwa penseli jina la mvuvi mmoja wa Sahare na "jarife, 350,000", yaani wavu wa kuvulia. Hatukujua kama anadai au anadaiwa. Tulimwita, akaja mwenyewe na shahidi, akasema alikopeshwa na baba na bado hajamaliza. Angeweza kukaa kimya. Kama karatasi ile ingekunjwa na mtu mmoja akaitia mfukoni, leo tungekuwa tunatazamana kwa jicho la pembeni.

Simu ya marehemu nayo ni kabati. Zimeni, wekeni pamoja na kadi za benki, andikeni namba. Watoto wengi wanajua namba ya siri ya baba au mama, na jioni ya matanga wanatoa pesa "za sukari ya wageni". Pesa ile ilishakuwa ya warithi wote tangu roho ilipotoka. Gharama za maziko zinatoka kweli kwenye mali ya marehemu, lakini kwa kuandikwa na kwa risiti.

Tengeni na visivyokuwa vyake. Cherehani ya mama, dhahabu zake, kiwanja kilichoandikwa kwa jina lake, hivyo si mirathi hata kama vilikuwa chini ya paa moja. Kama nyumba iliandikwa majina ya wote wawili, upande wa mjane si mirathi.

Hatua ya 2: Cheti cha kifo

Aliyefia hospitali, kama Bombo, familia hupewa karatasi ya taarifa ya kifo. Aliyefia nyumbani, anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Zikipita bado inawezekana, ila maswali yanaongezeka. Cheti hutolewa na RITA kupitia ofisi ya wilaya.

Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Watu wanaleta kibali mahakamani na kurudishwa nacho.

Hatua ya 3: Kikao cha familia

Sheria haikushurutishi kuwa na muhtasari wa ukoo, ila mahakama nyingi zitauliza, na kwa kweli unasaidia. Kaeni baada ya hitima, watu wakiwa bado wapo mjini. Waiteni wote wenye haki: mjane au wajane, watoto wa kila tumbo, wazazi wa marehemu walio hai. Msimwache mtu kwa sababu "ana maneno". Mwenye maneno akiachwa, maneno yake atayapeleka mahakamani.

Kwenye kikao mnapendekeza msimamizi. Yeyote mtu mzima mwenye maslahi kwenye mirathi anaweza kuomba, mwanamke au mwanamume, mkubwa au mdogo. Kwetu ami alitaka awe kaka mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Kaka mwenyewe akasema, "Mimi niko Mtwara kwenye korosho, mahakamani nitakwenda lini?" Ndipo nikatajwa mimi, kwa sababu duka liko karibu na nina mazoea ya kutunza risiti. Chagueni hivyo hivyo. Mnamtafuta mtu mwenye muda na daftari, cheo cha ukoo hakina kazi hapa. Wawili pia wanaweza kuteuliwa pamoja.

Andikeni tarehe, mahali, waliohudhuria, orodha kamili ya warithi na umri wao, jina la aliyependekezwa. Kila mmoja aweke sahihi au dole gumba. Asiyekuwepo, andikeni yuko wapi. Msimwekee sahihi. Nasema tena: msimwekee sahihi.

Kuhusu eda. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, na familia nyingi husubiri iishe ndipo waanze. Si lazima kusubiri. Cheti, kikao na kufungua jalada vinaweza kwenda huku yeye yuko ndani, kikao kikafanyikia hapo hapo uani kwake. Kama hakimu atamhitaji, mwelezeni hakimu, na muulizeni sheikh wenu kuhusu kutoka kwa dharura.

Hatua ya 4: Kufungua shauri

Nenda kwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, sema unataka kufungua mirathi. Utajaza Fomu Na. 1, ndiyo maombi ya usimamizi: marehemu nani, alifariki lini, aliishi wapi, warithi ni nani, mali ni zipi kwa makadirio. Jaza kwa kutazama daftari la Hatua ya 1.

Warithi waandike wote hata wanaokuudhi. Kumficha mrithi ndiyo njia fupi ya kutenguliwa usimamizi.

Ada unalipa kwa kontroli namba, kwa simu au benki, na risiti unaitunza. Anayekwambia umpe mkononi "akusaidie kusukuma", mpite. Nje ya mahakama wapo vishoka, wana mabegi na kalamu tatu mfukoni, wanajiita mawakili. Ukikwama kweli, tafuta wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na hawakutozi.

Kabla ya kuondoka, nakili namba ya shauri la mirathi. Iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa. Bila namba hiyo, utamkuta karani anafungua kabati la majalada na wewe unamwonea huruma.

Hatua ya 5: Tangazo

Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hubandikwa, na mnaweza kuelekezwa kulipeleka gazetini au ofisi ya kata. Tarehe ya kurudi imeandikwa juu yake. Tanga ni ya waja leo waondoka leo, lakini jalada la mirathi haliondoki leo. Subirini.

Pingamizi likija, msipigane barazani. Kuna pingamizi za aina mbili: mtu anapinga huyu asiwe msimamizi, au mtu anasema na mimi ni mrithi. Zote hakimu anazisikiliza kwa ushahidi.

Hatua ya 6: Kuteuliwa

Siku ya shauri nenda na warithi wengi kadiri inavyowezekana. Hakimu atauliza kama wamekubali. Anaweza kukutaka uweke ahadi ya maandishi na wadhamini, kwa hiyo waambie mapema watu wawili wenye kitambulisho na makazi yanayojulikana. Familia isipoelewana kabisa, mahakama ina uwezo wa kumteua mtu baki mwaminifu asiyeegemea upande.

Ukiteuliwa unapewa Fomu Na. 4. Hiyo ndiyo barua yako ya usimamizi. Toa nakala, zigongwe mhuri, chenyewe weka mahali pasipovuja.

Na hapa ndipo watu wazuri huharibika. Fomu Na. 4 haikufanyi mwenye mali. Umepewa kukusanya, kulipa madeni na kugawa, basi. Nimewahi kuulizwa na kijana mmoja, macho makavu kabisa: "Kwa hiyo nyumba sasa ni yangu?" Nikamwambia, wewe ni mchukuzi. Mzigo ni wa wenyewe, nawe una kifungu chako humo ndani.

Hatua ya 7: Kukusanya na kulipa

Benki: peleka Fomu Na. 4, cheti cha kifo, kitambulisho, na barua ya mahakama. Mara nyingi pesa hupitia akaunti ya mahakama kabla ya kwenda kwa warithi, na hutumwa kwenye akaunti zao, hazitolewi taslimu. Kwa hiyo kila mrithi afungue akaunti sasa, jina lifanane na NIDA. Mrithi mmoja alikaa wiki nzima akisubiri fungu lake kwa kukosa akaunti tu.

Kodi za wapangaji: andika barua fupi kwa kila mpangaji kwamba kuanzia tarehe fulani analipa kwa msimamizi, na mpe risiti. Tenganisha pesa hii na ya kwako. Mimi nilikuwa na bati la biskuti. Leo ningefungua akaunti.

Madeni yanatangulia urithi. Kwa Waislamu mpangilio unajulikana: gharama za maziko, madeni, wosia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi. Deni linalosahaulika kuliko yote ni mahari. Kama marehemu alimuoa mkewe kwa ahadi ya mahari na hakuimaliza, kilichobaki ni deni kama deni la dukani, na mjane analipwa kwanza, kisha anachukua na fungu lake la urithi. Wanawake wengi huona haya kulitaja mbele ya wakweze. Msimamizi, lianze wewe: fungua cheti cha ndoa, soma kiasi, muulize.

Madeni hulipwa na mali ya marehemu. Yakizidi mali, hakuna mtoto anayelazimika kulipa kwa mshahara wake, labda kama alikuwa mdhamini wa mkopo wenyewe.

Hatua ya 8: Fomu Na. 5

Ndani ya miezi minne tangu uteuliwe, upeleke mahakamani Fomu Na. 5, nakala mbili: mali zote na madeni yote. Ukiona muda hautoshi, omba uongezewe kabla haujaisha. Hakimu huongeza akiona sababu. Asiyeomba na akanyamaza, anaitwa kujieleza.

Hatua ya 9: Kugawa

Waislamu, nendeni kwa sheikh anayeijua faraidhi, yaani hesabu ya mafungu ya urithi ya Kiislamu, awaandikie mchanganuo, muupeleke mahakamani. Mafungu yenyewe yametajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11, 12 na 176. Tuchukue mfano. Marehemu kaacha mke, mama yake mzazi, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya madeni zimebaki shilingi 24,000,000.

Mke, kwa kuwa kuna watoto, ana thumuni, moja ya nane: 3,000,000.
Mama ana sudusi, moja ya sita: 4,000,000.
Zinabaki 17,000,000 za watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Mafungu ni matano, kila moja 3,400,000. Kila kijana anapata 6,800,000, binti 3,400,000.

Jumlisheni, zirudi 24,000,000. Hesabu isiporudi, kuna mtu kasahauliwa. Na wakiwa wake wawili, wanagawana thumuni ile ile moja.

Kwa Mkristo aliyeishi nje ya mila, mahakama zetu bado zinatumia sheria ya zamani ajabu, Sheria ya Urithi ya India ya 1865: mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume. Kwa mila, inategemea ukoo. Hata hapa pwani, Wadigo zamani urithi wao ulipitia kwa wajomba, na wazee wapo wanaokumbuka. Mkitaka kwenda kwa mila, semeni mapema mahakamani, msilete habari hiyo siku ya kugawa.

Pesa ni rahisi. Kazi ni nyumba. Nyumba yetu ni ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani choo na jiko. Warithi saba. Mwanzo tulisema kila mtu achukue chumba. Vyumba sita, watu saba, na kimoja cha vyumba hivyo kinavuja tangu nikiwa darasa la nne. Nani anachukua kile? Ukumbi wa nani? Umeme unasoma mita moja. Tulikaa na chaki, tukachora sakafuni, tukafuta, tukachora. Kugawa vyumba ni kugawa ugomvi, nyumba inabaki na majina saba na paa lisilo na mwenyewe.

Njia zinazofanya kazi ni tatu. Mmoja au wawili wanunue mafungu ya wengine kwa bei ya mthamini, polepole kwa maandishi. Au iuzwe, pesa zigawanywe kwa mafungu. Au ibaki ya wote, ipangishwe, na kodi igawanywe kila miezi mitatu baada ya kutoa ya matengenezo. Sisi tulichukua ya kwanza: mimi na dada mkubwa tuliwalipa wengine kwa miezi kumi na minane, na mama alibaki na chumba chake cha mkono wa kulia mlangoni kwa hiari ya wote. Mkiuza, wote wajue bei na wote wamwone mnunuzi. Bei anayoijua msimamizi na dalali peke yao ni kesi.

Kiwanja au nyumba yenye hati, msimamizi huandikishwa kwanza kwa Msajili wa Hati kwa nafasi yake ya usimamizi, ndipo jina lihamie kwa mrithi au mnunuzi. Ambayo haina hati, andikeni makabidhiano mbele ya mtendaji, na mipaka mkaitembee kwa miguu pamoja na majirani. Shamba la minazi "kutoka mwembe hadi njia" ni hadithi. Mwembe ukianguka, hadithi imekwisha.

Hatua ya 10: Fomu Na. 6 na kufunga

Umemaliza kugawa? Jaza Fomu Na. 6, ndiyo hesabu: kilichoingia, kilicholipwa, nani kapata nini. Ambatisha sahihi za warithi za kupokea. Warithi hupewa nafasi ya kusema kama wameridhika, kisha mwombe hakimu afunge jalada. Wengi huacha hapa kwa uchovu, pesa wameshagawana. Jalada lisilofungwa linakufanya uendelee kuwa msimamizi, na miaka sita baadaye mjukuu anaweza kukuita ueleze kodi za wapangaji.

Makosa ninayoyaona sana

Kuuza kitu kabla ya Fomu Na. 4. Hata baiskeli, na Tanga hii baiskeli ni mali. Aliyenunua anaweza kunyang'anywa, na aliyeuza akashtakiwa.

Kufungua majalada mawili, watoto wa mama mkubwa mahakama hii, wa mama mdogo mahakama ile. Yatagongana, na yote yatasimama.

Kumtoa mjane kwenye nyumba kabla ya mirathi. Hakuna sheria inayompa shemeji mamlaka hayo.

Kutoa fungu la mtoto mdogo mikononi mwa yeyote aliyesema "nitamtunzia". Liandikwe, lijulikane liko wapi, na mahakama ijue nani analishika hadi afike miaka 18.

Yakikwama

*Msimamizi amekalia mali, hasemi.* Nendeni mahakama ile ile, na namba ya shauri, mkaombe aitwe atoe hesabu au atenguliwe. Mahakama inayo mamlaka hayo.

*Hatukubaliani na uamuzi.* Rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30. Ombeni nakala ya uamuzi siku hiyo hiyo, msingoje hasira zipoe.

*Msimamizi amefariki kabla ya kumaliza.* Usimamizi hauridhiwi. Mtoto wake hachukui nafasi. Warithi wanaomba mwingine ateuliwe kwenye jalada lile lile.

*Baba yetu alifariki kabla ya babu. Tunarithi kwa babu?* Kwa faraidhi, kama babu ana mtoto wa kiume aliye hai, wajukuu hamna fungu. Babu angeweza kuwaandikia ndani ya theluthi ya wosia. Warithi nao wanaweza kuwapa kwa hiari, na familia nyingi zinafanya hivyo. Ulizeni kwa adabu, msidai.

*Mtalaka anadai urithi.* Tazameni tarehe. Kama talaka ilikuwa rejea, ile ambayo mume bado angeweza kumrudia, na mume akafariki eda yake haijaisha, anarithi. Eda ikiwa imeisha, hapana.

*Amejitokeza mtoto wa nje.* Msimfukuze mlangoni wala msimfiche mahakamani. Katika faraidhi aliyezaliwa nje ya ndoa harithi kwa baba, lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake kwa kiasi kinachostahili. Mzani huo ni wa hakimu, si wa baraza la ami.

*Hatuna mtu wa kumwamini kabisa.* Mahakama inaweza kumpa usimamizi Kabidhi Wasii Mkuu, ndiye mkuu wa RITA. Itachukua muda, lakini hana mke wa pili wala shamba la kwake linalopakana na lenu.

*Karani anasema jalada halionekani.* Mpe namba ya shauri, tarehe ya kufungua, na nakala ya Fomu Na. 4 yenye mhuri. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, njoo na risiti ya ada. Kwenye risiti kuna kontroli namba, na kwa hiyo wataanza kutafuta. Duka langu hufungwa Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane.